Kipenga cha Fox 40 Classic CMG, na makocha niliokutana nao nikiwa nacho mdomoni

Kipenga hiki kina miaka minne na ushee shingoni mwangu. Nimechezesha nacho mabonanza ya kikapu ya mitaani, michezo ya shule, mechi za akina dada pale JMK Park, Kidongo Chekundu, Dar es Salaam, na mechi za jioni Donbosco Upanga, ambako watu hukaa karibu na mstari hadi ukirudi nyuma hatua moja unakanyaga kiatu cha mtu. Waamuzi wapya wakiniona nacho huniuliza swali moja tu: kinasikika? Kinasikika, na hilo nitalimaliza kwa maneno machache. Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni namna kinavyonisaidia siku ile kocha amesimama, amepandwa, maji ya chupa kayamwaga chini, na anakuja upande wangu.

Mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari. Kuchezesha mpira wa kikapu ni kazi yangu ya jioni na ya mwisho wa juma, mwaka wa 11 sasa.

Kabla ya hiki nilikuwa na kipenga cha chuma chenye gololi ndani. Siku moja ya Februari, uwanja wa saruji usio na paa, jua la saa nane mchana, nilikipuliza kipenga kile kisitoe sauti. Mchezaji alisukumwa waziwazi chini ya kikapu, nikapuliza kwa nguvu zangu zote, ikatoka pumzi tupu. Gololi ilikuwa imelowa jasho na mate, ikaganda. Wachezaji hawakusikia kitu, mpira ukaendelea, upande wa pili wakafunga. Kocha wa yule aliyesukumwa alikuwa mtulivu tangu mwanzo wa mechi. Akasogea hadi karibu na mstari wa kati, akauliza: "Refa, umepuliza au hujapuliza?"

Swali lake lilikuwa la haki. Mimi sikuwa na jibu, na kwa kuwa sikuwa na jibu, nikamjibu kwa ukali: "Kaa chini wewe!" Nilimwambia hivyo mtu mzima, mbele ya vijana wake. Kilichofuata hakikuhitaji mtabiri. Akafoka, nikampa faulo ya kiufundi, ile ya utovu wa nidhamu. Akafoka zaidi, nikampa ya pili, akatoka uwanjani kama sheria inavyotaka. Vijana wake wakacheza robo nzima wakinitazama mimi badala ya kuutazama mpira. Kwenye fomu ya mchezo kila kitu kiliandikwa sawa, lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilijua moto niliuwasha mimi. Bibi yangu alikuwa akisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi siku ile nilijikwaa ulimi, na aliyeumia ni mwingine.

Baadaye nikasoma habari za aliyekitengeneza kipenga hiki, nikaona yaliyonikuta yalimkuta yeye kabla yangu. Anaitwa Ron Foxcroft, Mkanada wa Hamilton, Ontario, mwamuzi wa mpira wa kikapu aliyechezesha hata fainali ya wanaume ya Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Mwaka 1984 alikuwa Brazil kwenye mashindano ya kabla ya Olimpiki, akaona faulo, akapuliza, gololi ikaganda. Uwanja ukachafuka. Akarudi kwao na wazo la kipenga kisicho na gololi kabisa, akamtafuta mbunifu wa vitu vya plastiki, Chuck Shepherd, wakahangaika miaka mitatu na kitu. Mwaka 1987 kikatumika kwenye Michezo ya Mataifa ya Amerika kule Indianapolis. Vipenga vya gololi vya mtindo ule wa zamani vilikuwapo tangu Joseph Hudson wa Birmingham atoe chake mwaka 1884, kwa hiyo ilichukua kama miaka 100 mwamuzi mmoja achoke. Mimi nafurahi kwamba aliyechoka alikuwa mtu wa kikapu.

Sasa ununuzi, maana hapa watu wengi wanapigwa. Cha kwanza nilichonunua kilikuwa feki. Nilikipata kwenye duka dogo Kariakoo kwa shilingi 5,000, kimeandikwa jina lilelile, na muuzaji akaniapia. Kukijua feki si kazi ukishashika cha kweli: mshono wa plastiki unakwaruza ulimi, herufi zimekaa upande, na ukipuliza taratibu sauti inatoka imechanganyika na upepo. Baada ya wiki mbili kikapasuka kwenye tundu la kamba. Hiki nilicho nacho nilikipata duka la vifaa vya michezo kwa shilingi 28,000. Mwenzangu mmoja aliagiza chake kwa mtu anayesafiri Nairobi, bei ikawa inakaribiana. Ukiambiwa bei iko chini sana ya hapo, kipulize kwanza mbele ya muuzaji. Akikukatalia kupuliza, ondoka.

Chenyewe ni plastiki ngumu, kina vyumba vitatu vya hewa, na ndani hakuna kitu kinachocheza. Herufi CMG zina maana kwamba mdomoni kina mpira laini wa kung'atia. Waliokitengeneza wanakitaja kufikia desibeli 115. Mimi sina chombo cha kupimia, lakini najua kwamba JMK Park, uwanja wa wazi, magari yanapita na muziki wa mashabiki unapiga, mtunza muda anayekaa upande wa pili anainua mkono kusimamisha saa bila kuniuliza mara mbili. Kwenye Uwanja wa Ndani wa Taifa nusu ya pumzi inatosha. Kikilowa jasho hakibadiliki. Kikidondoka kwenye dimbwi unakikung'uta na kupuliza. Kila Jumapili usiku nakiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, natikisa, naning'iniza msumarini. Basi. Hayo ndiyo mambo ya sauti.

Faida yake kubwa kwangu iko kwenye ule mpira wa kung'atia. Cha chuma kilikuwa kinaniumiza meno, kwa hiyo nilikuwa nakitoa mdomoni kila nilipopata nafasi, nakishika mkononi huku nikikimbia. Na mdomo ukiwa mtupu, unajibu. Kocha akisema neno, linakuingia sikioni na jibu limeshatoka kabla hujaamua kama linafaa. Hiki nakaa nacho kati ya meno muda wote mpira ukiwa hai, dakika zote 40, na taya halichoki. Kocha akipaza sauti, siwezi kumjibu. Sharti kwanza mpira ufe, nikiteme kipenga, kidondoke kifuani, nivute pumzi, ndipo niseme. Zile sekunde tatu au nne ndizo zilizokosekana siku ile ya Februari.

Hivyo nikikisifia kipenga hiki sikisifii kwa kumnyamazisha kocha. Hakuna kipenga kinachomnyamazisha kocha. Na ninawasihi waamuzi wapya: msimpulizie kocha kipenga karibu na uso, hata siku moja. Kwa sauti ya hiki, ukipuliza umbali wa mkono mmoja kutoka sikio la mtu, umemtukana. Nimemwona mwenzangu akifanya hivyo ili "amtulize" kocha msaidizi, na benchi zima likasimama.

Kazi ya kumtuliza kocha inaanza kabla ya mechi, na vifaa vyangu ni kipenga hiki na chaki. Chaki natoka nazo nyumbani, sanduku zima, kwa sababu viwanja vyetu vingi vya saruji vina mstari wa pembeni na wa kati, lakini eneo la benchi halijachorwa. Sheria za FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, zinasema eneo hilo linaishia mita 5 kutoka mstari wa kati, kwa mstari wa mita 2 unaotoka nje ya uwanja. Kocha asiyeuona mstari utamwambiaje kauvuka? Nafika nusu saa kabla, napima kwa futi kamba yangu ya darasani, nachora pande zote mbili huku makocha wote wananiona. Sisemi neno. Kuna kocha mmoja hunisaidia kushika ncha ya futi kamba, na tangu aanze kunisaidia sijawahi kumwonya kwa kuvuka.

Kisha salamu. Nakwenda benchi moja, nakwenda jingine, kwa mpangilio na muda uleule. Kama kocha ni mkubwa wangu namwamkia shikamoo, na hata kama mwingine ni kijana wa rika langu, naye anapata "habari za mchana, mwalimu" ya urefu uleule. Sicheki na mmoja kuliko mwingine. Wachezaji wanatazama, wazazi wanatazama, na kicheko cha sekunde kumi kabla ya mechi kinakumbukwa robo ya nne. Hapohapo nawaambia wote wawili jambo moja: anayesimama ni mmoja tu, kocha mkuu au msaidizi wake wa kwanza, na anayezungumza na waamuzi ni kocha mkuu peke yake. Hiyo ni sheria ya kitabuni, si yangu, na kuitaja mapema kunapunguza kelele kwa nusu, maana kwenye benchi zetu mara nyingi anayechafua hali ya hewa ni msaidizi, au meneja, au mjomba wa mchezaji aliyepewa kiti.

Mechi ikianza, kwangu maneno ya kocha yako ya aina tatu. Swali nalijibu. "Mwalimu, ile faulo gani?" Mpira ukifa, nikipita karibu: "Mkono kiunoni, namba saba wako." Maneno matano, naondoka. Sifafanui, kwa sababu ukifafanua unamkaribisha kwenye mjadala, na mjadala hauna mwisho. Lalamiko naliacha lipite. "Aaah, refa jamani!" Hilo ni moyo wa mtu anayependa timu yake, na kama ukimwadhibu kila anayeguna utabaki uwanjani na viti. Lakini maneno yanayogusa uaminifu wangu au wa mwenzangu, au kejeli anayoielekeza kwa mashabiki ili wamsaidie kuzomea, hayo hayapiti. Hapo hatubishani tena juu ya faulo.

Kati ya lalamiko na tusi kuna ngazi moja, na ngazi hiyo ndiyo onyo. Namna ya kulitoa ina adabu yake. Nimeona kwenye video waamuzi wa Marekani wakiinua kiganja mbele ya kocha, kama anayesimamisha gari, ili kila mtu aone kwamba kaonywa. Kwao huenda ina maana yake. Kwetu, binti kumwinulia mtu mzima kiganja usoni ni kumvunjia heshima mbele ya watoto wake, na atakachofanya baada ya hapo si kunyamaza. Mimi nasimama naye bega kwa bega, wote tunatazama uwanjani, mikono yangu iko nyuma, sauti ya chini: "Mwalimu, nimekusikia. Sasa imetosha." Mashabiki hawajui tumezungumza nini. Yeye anajua. Kisha namwambia mwenzangu wakati wa kubadilishana nafasi, "benchi la kulia nimeshaongea nalo," ili naye asianze kuhesabu upya.

Na jambo jingine nililojifunza kwa kuchelewa: aliyegombana na kocha asibaki upande wa kocha. Ukishapuliza kitu kikubwa dhidi ya timu yake, toa taarifa mezani, ondoka, nenda upande wa pili, mwenzako aje asimame pale. Sura mpya ni maji ya baridi. Nimeona makocha waliokuwa wanatetemeka kwa hasira wakamweleza mwenzangu shida yao kwa upole kabisa, shida ileile, dakika moja baadaye.

Onyo likishindikana, ni faulo ya kiufundi, na hapa kipenga chenyewe kina la kusema. Faulo ya kawaida naipuliza kwa nguvu. Mpira ukitoka nje, kiasi. Ya kiufundi naipuliza fupi, laini, mara moja, naikata kwa ulimi. Kwenye kile cha gololi sauti ilikuwa inavuruma hata nisipotaka, na mvurumo ule ulisikika kama hasira. Hiki kinakata pale ulimi unapogusa. Napuliza, mikono inaweka alama ya T, natembea hadi mezani bila kukimbia, natoa taarifa, na simtazami kocha. Nikimtazama ataona kitu usoni mwangu, hata kama hakipo.

Kwa wasiojua hesabu yake, nieleze maana hata makocha wenyewe huikosea. Kosa la kocha mkuu mwenyewe linaandikwa C kwenye fomu. Kosa la mtu mwingine wa benchi linaandikwa B, na nalo linakwenda kwa kocha mkuu. C mbili, kocha anatoka. Au makosa matatu kwa jumla, yawe yote B au moja kati yake C, anatoka. Akitoka anakwenda chumba cha kubadilishia nguo au nje kabisa ya jengo, haruhusiwi kusimama nyuma ya viti na kuendelea kufundisha kwa ishara. Adhabu ni mtupo huru mmoja, unapigwa palepale, halafu mchezo unaendelea kwa timu iliyokuwa na mpira au iliyostahili kuupata. Mtupo mmoja tu. Waamuzi wengi wapya wanaogopa T kana kwamba ni bomu, wanaibana hadi wanalipuka wao. Ikitolewa kwa utulivu na kwa wakati wake, inapoza uwanja.

Kuna mechi ya vyuo vya Marekani huwa nawasimulia waamuzi ninaowasaidia: Indiana na Purdue, Februari 23, 1985. Kocha wa Indiana, Bobby Knight, alishapewa faulo ya kiufundi, mchezaji wa Purdue yuko mstarini anajiandaa kupiga mitupo yake, Knight akachukua kiti cha plastiki cha benchi akakirusha kikateleza uwanjani mbele ya mpigaji. Alitolewa. Wanaopenda kusimulia kisa hiki hukisimulia kwa sababu ya kiti. Mimi nakisimulia kwa sababu ya waamuzi: walihesabu makosa yake moja baada ya jingine hadi akaondoka, na mechi ikachezwa ikaisha. Viti vyetu pia ni vya plastiki, vilevile vya harusini, vyepesi. Kila nikichora mstari wangu wa chaki nahesabu na viti. Visivyokaliwa naomba viondolewe.

Sasa nieleze mechi ambayo ndiyo hasa imenifanya niandike.

Mwaka jana nilipangwa mechi ya akina dada ambayo kocha wa timu moja ni mzee aliyenifundisha kucheza. Nilikuwa na miaka 14, kidato cha pili, natumia mkono wa kulia tu. Alinifunga kitambaa mkono ule na kuniacha nidunde mpira kwa kushoto jioni nzima, wiki nzima. Nilipoona ratiba nilimwambia aliyetupanga kwamba yule ni mwalimu wangu. Akasema hana mwingine siku ile. Kabla ya mechi nikachora mstari, nikaenda kwake. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba binti yangu, hujambo." Nikaenda benchi la pili nikaamkia vilevile.

Robo ya tatu timu yake ilikuwa nyuma kwa pointi nne. Mchezaji wake aliingia na mpira, akaguswa kidogo, mwenzangu akaona haitoshi faulo. Tukarudi upande wa pili, nikampulizia mchezaji wake wa kati faulo ya nne. Mzee akavuka chaki, akaja hatua mbili, tatu. "Binti, unatufanyia nini?" Kipenga kilikuwa kati ya meno. Sikujibu. Nikautazama mstari wa chaki, naye akautazama, akarudi. Mpira ulipokufa nikapita kwake, bega kwa bega: "Mwalimu, nimekusikia. Imetosha."

Hazikupita dakika mbili. Nikapuliza kosa la kutembea na mpira dhidi ya timu yake, sahihi kabisa, hata mchezaji mwenyewe aliuweka mpira chini. Mzee akawageukia mashabiki, akafungua mikono, akasema kwa sauti ambayo jukwaa zima lilisikia: "Huyu kalipwa!"

Kama ningekuwa na kipenga mkononi, najua ningesema nini. Ningemtajia kile kitambaa. Ningemwambia, wewe unayenijua mimi. Lakini meno yalikuwa yameshika ule mpira laini, na kitu pekee kilichoweza kutoka kinywani mwangu kilikuwa pumzi. Ikatoka fupi, moja. Mikono ikaweka T. Nikatembea mezani: nyeupe, kocha, C. Nikaenda upande wa pili, na mwenzangu akaja kusimama karibu na benchi lake. Mtupo ukapigwa, ukaingia. Mzee akakaa. Msaidizi wake, dada mdogo wa miaka kama 22, akasimama na kufundisha hadi mwisho. Mzee hakusimama tena. Walipoteza kwa pointi tatu, na ile moja ya mtupo ilikuwamo.

Nje getini, karibu na bodaboda, alikuwa amesimama na begi la mipira. Nikasita, kisha nikaenda. Nikamwamkia tena. Alichelewa kuitikia. Halafu akasema marahaba, na baada ya kimya akasema, "Lile neno la kulipwa lilinitoka." Nikamwambia nimelisikia, nimeliandika panapohusika, na limebaki pale. Sikumwambia kwamba liliniuma. Liliniuma sana, na nadhani alijua.

Ndipo akaomba akione kipenga. Akakigeuza, akakitikisa sikioni, akauliza gololi iko wapi. Nikamwambia hakina. Akacheka kidogo, akasema yeye chake cha mazoezini gololi ilishatoka tangu mwaka juzi, siku hizi anapiga makofi tu, na mabinti zake wakiwa mbali hawamsikii.

Kwa hiyo, kwa anayetaka ushauri wa kununua: kama unachezesha mechi moja kwa mwezi, kipenga cha kawaida kisicho na gololi kinakutosha. Kama unachezesha kila wiki na viwanja vyako viko kama vyangu, makocha wako hatua mbili kutoka kwako na hakuna ukuta kati yenu, nunua chenye mpira wa kung'atia na ukae nacho mdomoni. Huo mpira ndio unaoulipia, kwa maoni yangu, kuliko sauti. Kamba nunua ya kitambaa, pana, isiyokata shingo. Kariakoo ziko kwa shilingi 2,000. Rangi chagua nyeusi, haioneshi uchafu wa vumbi. Usiazimane na mtu. Na chaki usisahau.

Wiki iliyopita nilirudi duka lilelile nikanunua kingine, cheusi, na kamba ya kijani ambayo ndiyo rangi ya timu ya mzee. Bei imepanda, sasa ni shilingi 30,000. Jumamosi asubuhi ana mazoezi na mabinti zake. Nitampelekea kabla hawajaanza kupasha misuli.